Sumu Imo Kwenye Tende

Mjomba Silima alikuwa na tende ya tatu mdomoni alipoiona ncha ya karatasi ikichungulia chini ya takia aliloegemea.

Ilikuwa Ijumaa mchana, watu wametoka msikitini, na nyumba ya Mwalim Machano pale Kikwajuni ilikuwa imefagiwa mara mbili tangu alfajiri. Ukumbini pametandikwa jamvi jipya, udi umefukizwa, haluwa imekatwa, dele la kahawa liko juu ya seredani ya makaa. Mjomba Silima hakuwa mgeni wa kufanyiwa yote hayo. Alikuwa kaka yake Bi Mwanakheir, mama wa nyumba, mtu wa kuingia na kutoka apendavyo. Lakini siku hiyo alikuja kwa jambo. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, akapiga hodi mara tatu, akangoja akaribishwe. Alikuja kumposea mwanawe Hasan, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Na anayeposwa alikuwa Mize, binti wa Mwalim Machano, mwenye miaka kumi na tisa.

Mize mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa uani, kabanana na shangazi yake, Bi Mashavu. Alikuwa akitafuta neno la kumwambia baba yake, na kila neno alilolipata alilitupa. Kupitia upenyo wa pazia aliuona mkono wa mjomba ukiteremka pole pole, ukishika ile ncha ya karatasi, ukiivuta.

Akamshika shangazi mkono.

"Shangazi," alinong'ona. "Kitabu nilikiweka wapi jana?"

"Si ulisema umekificha?"

"Nilikificha chini ya takia, na karatasi imo ndani."

Bi Mashavu alifumba macho. "Lahaula! Takia gani, mwanangu?"

Mjomba Silima alikuwa mtu anayejivunia kusoma kwake. Akiona maandishi, hata ya gunia la mchele, lazima ayasome kwa sauti. Aliinyoosha karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaanza, na tende bado imo shavuni:

"'Siri nshaijua. Mjomba hatoimaliza Ijumaa hii. Wenzangu wote wanasema sumu imo kwenye kahawa, lakini wanakosea. Sumu imo kwenye tende. Usimwambie mtu mpaka yaishe. Nnangoja jawabu yako kwa hamu. M.'"

Mjomba Silima aliitazama karatasi, akalitazama sinia la tende, akaitazama karatasi tena. Kisha tende ikaruka kutoka mdomoni mwake, ikaenda kugonga dele la kahawa.

"Nimekufa!" alipiga kelele. "Mwanakheir! Dada yangu! Wameniua nyumbani mwako!"

"Kaka, una nini?" Bi Mwanakheir alitoka mbio kutoka jikoni na upawa mkononi.

"Tatu! Nshakula tatu! Nipeni maji! Hapana, msinipe! Msinipe kitu chochote cha nyumba hii!"

Mwalim Machano hakupiga kelele. Alikuwa mwalimu wa chuo, kafundisha watoto Kurani kwa miaka ishirini na tano, na sauti yake ilikuwa ikishuka kila hasira yake inapopanda. Aliichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe kimya kimya. Hati ile aliijua. Yeye ndiye aliyemfundisha mwandishi wake kushika kalamu.

"Mize," aliita, kwa sauti ndogo.

"Naam, baba."

"Njoo hapa."

Alitoka nyuma ya pazia, kajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, akapiga magoti ukingoni mwa jamvi.

"Hati hii ya nani?"

"Yangu, baba."

"Unataka kumuua mjomba wako?"

"Si mjomba huyu, baba! Wallahi si mjomba huyu. Ni mjomba wa kitabuni. Kuna kitabu, kuna tajiri mmoja ndani yake, wapwa zake wanautaka urithi wake, na kila Ijumaa…" Alisita. Mbele ya uso wa baba yake maneno hayo yalisikika kama upuuzi. "Ni hadithi ya upelelezi, baba. Mimi nnabahatisha tu muuaji ni nani."

Mjomba Silima alijipapasa tumbo. Halikuwa na neno. Hilo lilimpa nguvu ya kukasirika. "Hadithi! Mtoto wa kike, wa mwalimu, anasoma mambo ya kuuana! Ndiyo maana siku hizi akinipa salamu ananitazama kama ananipima!"

Mwalim Machano aliinua kidole, na shemeji yake akanyamaza.

"Ya kitabu nimesikia," alisema. "Sasa nieleze hili. Hapa umeandika 'usimwambie mtu'. Umeandika 'nnangoja jawabu yako kwa hamu'." Akaiweka karatasi juu ya jamvi, mbele ya magoti ya binti yake. "Ya nani, Mize? Hamu ya jawabu ya nani?"

Hapo Mize aliona bora angekuwa muuaji.

Aliyemwokoa, au aliyemzamisha, alikuwa Bi Mashavu. Alitoka nyuma ya pazia, akaketi kando ya Mize, akajitandaza kama mtu aliyekuja kukaa.

"Kaka Machano, usimkamue mtoto. Mchukuzi wa karatasi hizo ni mimi. Niulize mimi."

*

Yalikuwa yameanza mwaka wa hamsini na tano, masika. Bi Mashavu alikuwa mjane, akishona kofia, na kila baada ya alasiri wanawake wanne au watano wa mtaani walikusanyika uani kwake kushona pamoja. Mkono unafanya kazi, masikio hayana kazi. Mize alikuwa amesoma skuli mpaka darasa la sita. Akaombwa awasomee kitu. Bi Mashavu akaenda Mkunazini, kwenye duka la Bwana Bakar, mzee aliyekuwa akijalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada, na kuviazimisha, akarudi na hadithi ya wizi wa mkufu. Siku ile hakuna aliyemaliza kofia. Mmoja alilia, mwengine akamtukana mwizi kama jirani yake, na Mize alipofunga kitabu kwa ajili ya magharibi walitaka kumpokonya.

Mize alikuwa msomaji wa ajabu. Hakusoma kama mtu anayeandamana na kundi; alisoma kama mtu anayetafuta njia ya mkato. Kitabu kile kilimuudhi. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, kwa kujiridhisha tu: "Mwizi nshamjua ukurasa wa kumi. Mtu asiye na makosa hajitetei kabla ya kuulizwa." Akakisahau ndani. Kitabu kikarudi dukani.

Kitabu kilichofuata kilikuja na karatasi. "Mimi nilimjua ukurasa wa themanini, na nimekisoma mara mbili. Nifundishe. Makungu, fundi wa kujalidi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila kitabu kilikwenda na neno na kurudi na neno. Juu ya hadithi ya vijana wanne waliopotea pangoni, Mize aliandika: "Hiki nimekipenda. Vijana wanaogopa kama watu wa kweli, na wanagombana kwa njaa. Lakini mbona msichana ndiye kila siku anayeachwa mlangoni kulinda mikoba?" Na Makungu akajibu: "Nami nililiona, nikadhani ni mimi tu." Juu ya kitabu chengine: "Mpelelezi huyu anajua kila kitu. Mtu anayejua kila kitu hapendezi." Na yeye akajibu: "Basi mimi ntakupendeza sana, kwani sijui chochote." Siku hiyo Mize aliisoma karatasi ile jikoni, akaunguza mchuzi.

Kumuona, alimuona mara mbili. Mara ya kwanza alifuatana na shangazi, yuko ndani ya buibui, akasimama nje ya duka. Kijana mrefu, mwembamba, vidole vina gundi, kalamu sikioni, kainamia kitabu kilichochanika kama daktari. Mara ya pili aliinua macho. Wanawake walikuwa wengi njiani, wote weusi tupu wa mabuibui, wote macho tu. Lakini macho yake yalikuja moja kwa moja kwa Mize, yakatua, yakakaa. Mize hakuweza kusema kijana alimjuaje. Naye Mize wiki nzima hakulala vizuri.

Na sasa miezi miwili ilikuwa imepita wakisoma kitabu kimoja tu. Hakikuwa cha chapa. Kilikuwa kimeandikwa kwa mkono, hati nzuri, kikaletwa sura moja moja, kila sura imeshonwa na kujalidiwa kwa kitambaa chekundu. Jina la mwandishi halikuwapo. Makungu aliandika kwamba ni cha mtu asiyetaka kujulikana, anayeomba maoni ya kweli.

Maoni ya kweli Mize alimpa.

*

"Nenda kaniitie kijana huyo," Mwalim Machano alimwambia dada yake baada ya kusikia yote. "Aje baada ya alasiri. Na aje na kitabu hicho, mwanzo mpaka mwisho."

"Mimi siondoki," alisema Mjomba Silima, "mpaka nijue hatima yangu."

Alikaa palepale juu ya jamvi, kakataa haluwa, kakataa maji, kakataa hata kuegemea.

Uani, Bi Mwanakheir alimshika binti yake mkono akamkalisha juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Alikuwa na machozi, lakini hakuwa akilia.

"Umeniaibisha mbele ya kaka yangu, Mize."

"Nisamehe, mama."

"Hasan ana kasoro gani? Mtoto wa kaka yangu. Unamjua, anakujua. Mtu hupewa mchumba asiyemjua akalia. Wewe umepewa unayemjua, unatilia watu sumu."

"Mama!"

"Kwenye karatasi, nnajua." Bi Mwanakheir alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Aliutazama mlango wa ukumbini, kisha akateremsha sauti. "Huyo fundi. Unampenda?"

"Sijasema naye hata neno moja kwa mdomo, mama."

"Sikukuuliza kama umesema naye."

Mize aliviangalia vidole vyake. "Mtu mwengine nikimwambia neno," alisema, "ananisikia akangoja nimalize, kisha akafanya lake. Huyu nikimwambia neno, neno langu nnalikuta limemfanyia kazi. Kwenye karatasi inayofuata si mtu yuleyule. Mama, mimi sijui kama hayo ndiyo mapenzi. Nnajua nikisikia shangazi anakuja na kitabu, moyo wangu hutangulia mlangoni kabla ya miguu."

Bi Mwanakheir alimsogelea. Aliiweka vizuri kanga ya binti yake begani, ilhali haikuwa imeharibika.

*

Makungu alikuja na jasho. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima, fupi kwake, na chini ya kwapa alibeba kitu kilichofungwa ndani ya gazeti.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu," alisema Mwalim.

"Shikamoo, Mwalim. Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kaa."

Mjomba Silima hakuitikia. Alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama chungu kilichofunikwa.

Nyuma ya pazia Mize alishika fremu ya mlango. Ndiyo mara ya kwanza aisikie sauti ile. Ilikuwa nene kuliko alivyodhani, na ilikuwa na lafudhi ya kusini, ya Makunduchi, ambayo karatasi zilikuwa zimemficha.

"Karatasi hii unaijua?" Mwalim aliuliza.

Makungu aliisoma. Masikio yake yalibadilika rangi. "Sijapata kuiona, Mwalim. Lakini naona ilikuwa ije kwangu."

"Imemfikia shemeji yangu kabla yako. Ana tende tatu tumboni."

"Subhanallah!" Makungu alimgeukia Mjomba Silima kwa hofu ya kweli. "Mzee wangu, tende hizi ni salama. Nakuapia. Hata za kitabuni bado sijaamua…"

Alijikatiza. Alikuwa amechelewa.

"Bado hujaamua?" Mwalim alirudia, pole pole. "Unaamua wewe?"

Pazia lilitikisika. Makungu alifungua gazeti, akalitoa daftari jekundu, akaliweka juu ya jamvi kwa mikono miwili.

"Ni changu, Mwalim. Nimekiandika mimi."

Mize alihisi uso wake unawaka moto. Yote aliyoyaandika yalimrudia kwa mkupuo. "Mwandishi huyu ana akili lakini hajapata kumsikiliza mwanamke akisema." "Wanawake wake kazi yao kulia. Hata mbuzi hawalii hivyo." "Mwambie akae na sisi uani siku moja, atajua nani anayegundua siri za mji huu." Na yeye kayasoma yote, kajibu kwa upole, "Ntamfikishia." Mize aliomba ardhi ipasuke. Ardhi ya Kikwajuni haikupasuka.

"Kwa nini ukaficha jina?" Mwalim aliuliza.

"Kwa sababu nilitaka kuambiwa kweli. Bwana Bakar alisema kizuri. Rafiki zangu walisema kizuri. Nilikuwa naandika ili nisifiwe, Mwalim, na nikisifiwa napumzika. Kisha mtu mmoja akanambia kina kasoro. Mtoto wa kike kwenye hadithi hii nimemwandika mara tatu. Mara ya kwanza analia. Mara ya pili anakimbia. Mara ya tatu ndiye anayemkamata muuaji." Akaligusa daftari. "Ya tatu sikuiandika peke yangu."

Mjomba Silima alikuwa na lake.

"Na mjomba? Anakufa?"

"Nilikusudia afe, mzee."

"Na sasa?"

"Sasa nnaona uzito."

Mwalim Machano hakucheka. "Sikiliza, kijana. Wewe umeingia nyumbani mwangu mwaka mzima na mimi sikukuona. Umeingia kwa karatasi, kama mwizi anayepita dirishani. Binti yangu ana baba. Nyumba yangu ina mlango."

Makungu aliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia Mize alingoja ajitetee. Hakujitetea.

"Kweli, Mwalim. Nimekosa, na kosa ni langu, si la Bi Mashavu wala la mtu mwengine ndani ya nyumba hii. Mlango niliuona. Niliuogopa. Baba yangu anachoma chokaa Makunduchi. Mimi nashona vitabu vya watu. Nilisema mtu kama mimi akipiga hodi kwa Mwalim Machano ataulizwa umekuja kutengeneza nini. Basi nikawa nasema kesho, kesho. Kama si karatasi hii, ningesema kesho mpaka aolewe." Akainua macho, si kwa Mwalim, bali kwenye pazia, palepale alipokuwa Mize. "Leo nimeitwa kwa kosa, lakini nimepita mlangoni. Nnaomba ruhusa niseme nilichokuja… nilichopaswa kuja kukisema zamani. Nnamtaka binti yako kwa ndoa."

"Lo!" Mjomba Silima alisimama. "Mbele yangu? Mimi niliyekuja kwa ajili ya Hasan? Shemeji, usimsikilize huyu. Jambo letu rahisi. Muulize mtoto kuhusu Hasan. Mwari akiulizwa akanyamaza, karidhi. Ndivyo tulivyowakuta wazee. Muulize."

Mwalim alimtazama shemeji yake, akalitazama pazia. "Mize."

"Naam, baba."

"Umesikia. Mjomba wako kaja kumposea Hasan. Unasemaje?"

Mize aliujua uzito wa swali lile. Akinyamaza pumzi tano tu, atakuwa mke wa mtu. Mama yake alikuwa nyuma yake. Alihisi mkono wake ukimgusa mgongoni. Haukumsukuma wala kumzuia. Ulikuwa pale tu.

Alifunua pazia, akatoka.

"Sitaki, baba."

Bi Mashavu alivuta pumzi. Hakuna mwari wa Kikwajuni aliyepata kusema neno lile kwa wazi namna ile.

"Mjomba, nisamehe," Mize aliendelea. "Hasan ni mtu mwema na ni ndugu yangu. Tumekula sahani moja. Nimempaka dawa ya ukurutu kichwani huku analia. Akija kuoa mimi ntapika pilau, ntaimba, ntacheza. Lakini mume wangu siwezi kumfanya. Nikinyamaza leo ntakuwa nimesema uongo, na baba hajanifunza uongo."

Mjomba Silima alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mtu mbaya. Alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu, kisha akakaa chini kwa kishindo.

"Basi," alisema. "Mtoto kasema. Afadhali uniambie leo kwa mdomo kuliko kunitilia kitu kesho." Akanyoosha mkono kwa dada yake. "Mwanakheir, nipe hayo maji. Koo limenikauka tangu adhuhuri."

Mwalim Machano aliinuka, na Makungu akainuka naye.

"Wewe," Mwalim alisema, "posa haibebwi na karatasi wala na kijana peke yake. Nenda kwenu. Ukiwa na wazee, rudi nao. Ukiwa huna, njia ya Kikwajuni usiipite tena. Na hivyo vikaratasi vimekoma leo."

"Nimesikia, Mwalim."

"Daftari liache."

Makungu alipotoka alipita hatua mbili tu kutoka aliposimama Mize. Hakusimama, hakusema. Lakini macho yao yalikutana, safari hii bila ya duka wala njia wala buibui baina yao, na Mize aliona kwamba kijana yule alikuwa anaogopa kama yeye na anafurahi kama yeye.

*

Siku kumi na mbili zilipita bila ya neno. Mize hakujua kwamba kimya kinaweza kuwa kirefu hivyo. Uani kwa shangazi alisoma kitabu cha zamani, akasoma vibaya, akaruka mistari, wanawake wakamwambia bora washone tu. Gari la Makunduchi lilipita kila siku, na kila siku alihesabu saa zake. Labda baba yake Makungu kakataa. Labda Makungu mwenyewe kaona mwanamke anayesema "sitaki" mbele ya watu ni mzigo. Alfajiri moja alitoka kuchota maji, akamkuta Mwalim Machano barazani, kakaa na daftari jekundu kwenye mapaja, kalamu ya wino mwekundu mkononi. Alikuwa kaufikia ukurasa wa mwisho. Hakumuona binti yake. Alikuwa akijikuna kidevu na kusema peke yake, "Haiwezekani. Haiwezekani. Daktari?"

Siku ya kumi na tatu walikuja. Makungu, safari hii na kanzu inayomfika. Baba yake, Mzee Jaku, mtu mkubwa, mpole, ambaye chokaa ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja vyake isitoke tena. Na wazee wawili wa kwao. Walikaa barazani na wanaume wa mtaa. Mjomba Silima naye alikuwapo, kakaa mbele kabisa, na kila anayefika alimsimulia jinsi alivyoponea chupuchupu.

Mzee Jaku alisema machache. "Sisi si watu wa maneno, Mwalim. Mwanangu huyu ndiye mwenye maneno, sijui kayatoa wapi. Tumekuja kumuombea mke."

Mwalim Machano alimrudishia Makungu daftari lake mbele ya wote. "Neno 'dhulma' umeliandika kwa zeti kila mahali. Nimekusahihishia, na mengine thalathini na mbili. Huyo tajiri umemuonea. Mengine yote…" Alitafuta neno, na wote wakangoja. "Nilikawia kwenda kufungua chuo siku moja kwa ajili yako. Sijapata kukawia."

Kisha akaingia ndani, akapita ukumbini, akasimama mbele ya binti yake. Bi Mwanakheir na Bi Mashavu walikuwa pembeni, wameshikana mikono.

"Mize. Wazee wa Makunduchi wamekuja kumposea Makungu. Unasemaje?"

Mize alifungua mdomo. Yule Mize mwenye neno kwa kila mwizi, kila mpelelezi, kila ukurasa, alitafuta neno moja asilipate. Machozi yalimteremka, akainamisha uso.

"Kanyamaza!" alisema Bi Mashavu, na mkono ulishakwenda mdomoni kwa vigelegele. "Karidhi!"

"Ngoja, dada." Mwalim Machano alimzuia. Alipiga goti mbele ya binti yake, jambo ambalo Mize hakupata kumuona akilifanya ila kwa mtoto mdogo anayefundishwa alifu. "Kimya cha wengine kinatosha. Chako wewe hakinitoshi. Nshakisikia unachoweza kusema. Niambie mwenyewe, mwanangu."

Mize alijifuta uso. Akavuta pumzi.

"Nimeridhi, baba," alisema. Sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikapita ukumbini, ikavuka kizingiti, ikafika barazani walikokaa wanaume.

Na kule barazani, Makungu, aliyekuwa kainama tangu alipofika, aliinua kichwa.